Makala Iliyofunguliwa Mara Sitini na Moja

Tangu chuo kiache kununua vitabu vya karatasi, mkutubi Laurencia hakuwa na vumbi la kufuta wala muhuri wa kugonga. Kazi yake sasa ilikuwa kusoma namba. Kila Jumatatu makao makuu yalimtumia ripoti ya maktaba ya tawi la Karatu: makala ipi imefunguliwa, mara ngapi, kwa akaunti ya nani. Mwanzoni aliichukia ripoti ile kama dawa ya minyoo. Lakini alikuwa mwanamke wa kupenda kujua mambo ya watu, majirani zake wa Rhotia wanalijua hilo vizuri mno, na haikuchukua muda akagundua kwamba namba nazo zina umbea wake. Alijua nani husoma mtihani ukishabisha hodi, na nani amepakua makala kumi asivuke ukurasa wa kwanza hata wa moja.

Jumatatu moja ripoti ikamtoa macho. Makala ya miaka arobaini iliyopita, kuhusu uhamaji wa ng'ombe huko Kakesio, ilikuwa imefunguliwa mara sitini na moja ndani ya wiki mbili. Akaunti ilikuwa moja tu, ya Supeet, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya mifugo. Simu zilizoitumia zilikuwa tisa.

Chini yake kulikuwa na barua fupi ya bosi wake, Bwana Naftali, mkutubi mkuu. Mkataba na wenye majarida unasema akaunti moja, mtu mmoja. Wakigundua, watakifungia chuo kizima. Akaunti ya Supeet imefungwa. Laurencia alete majina ya wote walioitumia kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo haitafunguliwa mpaka mwaka wa masomo uishe. Kwa Supeet hiyo ilikuwa na maana moja: hakuna utafiti, hakuna kuhitimu.

Akamwita. Kijana akaja, mrefu, mpole, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Paswedi yako umempa nani?"

"Rika langu, madam."

"Rika lako lote?"

"Wenye simu."

Alilisema kama mtu anayesema amewagawia wageni maji. Laurencia hakujua acheke au agombe, akaamua kugomba. Supeet akamsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Madam, sisi tulitahiriwa pamoja. Chakula changu ni chao. Nikiingia kwao nalala, wakiingia kwangu wanalala. Ningewaambiaje kwamba kuna kitu nimekifungia?"

"Haya, nipe majina."

"Hapo sitaweza."

"Hutahitimu, Supeet!"

"Nimeelewa, madam. Lakini nikiwataja nitakuwa mtu wa namna gani?"

Mkutubi mwenye akili timamu angemtoa nje pale pale. Laurencia naye aliinua mkono kumwonyesha mlango, lakini udadisi ukamshinda, kama unavyomshinda siku zote.

"Hebu niambie kitu kimoja. Mara sitini na moja! Kuna nini humo ndani?"

"Kuna makosa," Supeet akasema.

Laurencia akaigeuza kompyuta, akaifungua makala mwenyewe. Kurasa ishirini na mbili, majedwali, ramani moja. Supeet akasogeza kiti. Mtafiti, akaeleza, alikuja kutoka nje, akakaa miezi minne, akaandika kwamba watu wa Kakesio huondoa ng'ombe mbugani mwanzoni mwa mwaka kwa sababu nyasi zimekwisha.

"Nyasi zimekwisha wakati huo?"

"Ndiyo wakati zipo tele! Tunaondoka kwa sababu nyumbu wanazaa. Nyumbu wakizaa, ng'ombe akilishwa pale anapata ugonjwa, anakufa. Hata mtoto anayechunga ndama analijua hilo. Na ramani yenyewe, kisima amekiweka upande ambao hakuna kisima."

Wenzake wa rika walikuwa wamegawana kurasa. Loserian, aliyemaliza kidato cha nne na kurudi kuchunga, ndiye aliyekuwa akiwasomea wazee kwa Kimaasai, sentensi baada ya sentensi, na wazee wakisema ndiyo au hapana. Waliopo Karatu, walinzi wa maloji, walikuwa wakitafuta maana ya maneno magumu na kuyatuma. Kosa likipatikana, mtu anapiga simu, wengine wanafungua kuhakikisha. Mpaka sasa walikuwa na makosa kumi na saba.

Miaka ishirini na miwili Laurencia alikuwa akiwabembeleza watu wasome, na hajapata kuona watu wakisoma namna ile. Akaona wivu kidogo, halafu akaona aibu, na aibu ikawa kubwa zaidi. Watu walioandikwa humo ndio hao hao wasioruhusiwa kuifungua.

Siku tatu zilizofuata aliusoma mkataba. Hakuna aliyewahi kumwagiza ausome. Ulikuwa wa Kiingereza cha mawakili, kurasa arobaini, na kila aya ilimtuma kwenye aya nyingine. Alhamisi mchana, kwenye ukurasa wa thelathini na moja, akasimama. Akaurudia mara tatu kwa sauti. Mtu yeyote, awe mwanafunzi au asiwe, akiingia ndani ya jengo la maktaba, anaruhusiwa kusoma kwenye kompyuta za maktaba. Mtu yeyote! Ruhusa ilikuwapo siku zote, imekaa humo kimya, na hakuna aliyewaza kumwambia mtu.

Akampigia Supeet. "Wangekuja hapa kusoma, wasingekuwa na kosa. Lakini yale yaliyopita bado yanadaiwa majina, na mimi sitayabuni."

"Asante, madam," Supeet akasema, akakata simu.

Ijumaa ilikuwa siku ya mnada, na wafugaji walikuwa wamejaa Karatu. Saa tisa na nusu Laurencia alikuwa ameshaandika barua ya kusema majina hayakupatikana, na moyo unamuuma, Inosenti, mlinzi wa getini, alipoingia akihema.

"Madam, kuna watu wanane. Wamevaa shuka. Wanasema wanataka kusoma!"

Waliziegemeza fimbo zao ukutani, wakaingia mmoja mmoja. Aliyetangulia alikuwa na mwendo wa mtu asiyeomba ruhusa mara mbili.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia kwa Kimaasai, kama mtu anayemwamkia mama yake.

"Iko," Laurencia akaitikia.

"Mimi Loserian. Tumesikia unatafuta majina. Supeet hawezi kututaja, na sisi tusingependa atutaje. Lakini sisi wenyewe midomo tunayo. Leta daftari."

Wakaandika, kila mtu jina lake, namba yake ya simu, na mahali anapotoka. Supeet alisimama mlangoni, anatazama chini. Laurencia akaifuta barua yake, akaandika nyingine: kosa limefanyika, wahusika wamejitaja, na kuanzia leo ni wasomaji wa ndani kwa mujibu wa ukurasa wa thelathini na moja. Akaituma saa kumi kasoro dakika nane.

Simu ikalia hapo hapo. Bwana Naftali.

"Laurencia, hao watu kweli wamo ndani ya jengo?"

"Wako mbele yangu."

"Wanafanya nini?"

"Wanabishana kuhusu ukurasa wa kumi na moja."

"Mwaka huu wote sijasikia tawi lolote likiniambia hivyo," bosi akasema. "Akaunti ya kijana itafunguliwa Jumatatu. Abadili paswedi. Na mpya, tafadhali sana, asimpe mtu."

Supeet alipoambiwa alikaa chini, akafunika uso kwa mikono miwili. Wenzake wakampisha katikati ya benchi.

Loserian alikuwa mbele ya kompyuta, kidole chake kinafuata mistari kwenye kioo kikubwa. Akafika mwisho. Akamgeukia Laurencia.

"Yeyo, hii mashine yako inatoa tu, au kupokea pia inapokea?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Chuo kilikuwa na hifadhi yake ya machapisho kwenye mtandao, ya kuweka maandishi yake chenyewe. Sehemu ya Karatu ilikuwa tupu tangu ifunguliwe.

"Inapokea," akasema.

Loserian akainuka, akamwachia kiti.

"Basi kaa, uandike. La kwanza: nyasi zilikuwepo."