Chambo Hakijaisha

Jina la Mzee Chumvi alipewa na wategaji wenzake wa kaa, na alilipenda, ingawa wote waliompa walikuwa wamekwisha kuhama. Ukingoni mwa mto alibaki yeye, mitego yake na pipa la chambo nyuma ya nyumba.

Kazi ya pipa lile hakumwachia mtu. Alipanga vichwa vya samaki na matumbo yao, akamwaga chumvi ya mawe, akapanga tena, akamwaga tena, kisha juu akalaza ubao na kuukandamiza kwa jiwe. Vichwa vilitoa maji, vikakauka na kukaza kama ngozi ya kiatu. Chambo kibichi hulainika majini, visamaki wakakimaliza kabla kaa hajanusa. Cha chumvi huvumilia hadi asubuhi.

Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa kimya mno. Mtangazaji wa redio akisema habari za asubuhi, mzee alimjibu kwamba ni njema, kisha akajicheka.

Ndipo binti yake alipopiga simu kumwambia kuna chumba kitupu kwake, ahamie. Moyo wa mzee uliruka. Lakini hakutaka aonekane mtu aliyekuwa akingoja kuitwa. Alijibu kwamba pipa limejaa chambo, na si vizuri kukiacha; kikiisha, atafikiria. Alitaka abembelezwe kidogo, mara moja tu zaidi. Binti akasema sawa baba, kikiisha utaniambia.

Mzee akaanza kukimaliza. Mtego uliozoea kichwa kimoja aliutilia vitatu, vinne, hadi vikachomoza nje ya wavu. Kaa wakala wakiwa nje, wakashiba, wakaenda zao. Mitego ilirudi mitupu naye akairudisha majini akipiga mluzi.

Muuza samaki, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, alimuuliza mbona siku hizi haji kuchukua vichwa. Mzee akamwambia anahamia kwa mwanawe.

"Haya, baba mkwe," alisema yule mama, ambaye alikuwa amezoea kumtania hivyo. "Ukifika huko oga mara mbili. Wajukuu wasije wakadhani wameletewa kitoweo."

Mzee alicheka njia nzima. Alilinyoosha shati lake jeupe kwa pasi, akalilaza ndani ya begi. Kipande cha mwisho cha chambo kilipotoka, alilisugua pipa kwa mchanga, akalipindua likauke, akaketi kando yake na kumpigia binti yake.

Walisalimiana. Kabla hajaanza, binti alimweleza kwamba mama mkwe wake ameanguka na kuumia nyonga, na wamemleta wamuuguze. Yuko kwenye kile chumba.

"Mpe pole," alisema mzee.

"Zimefika, baba. Na wewe je, chambo kimeisha?"

Mzee alilitazama pipa.

"Bado kipo."

"Kama unataka kuja, njoo. Tutabanana. Watoto watakupisha kitanda."

"Nitakiachaje chambo, mwanangu? Kitaoza."

Binti alishusha sauti.

"Baba, mimi nimekulia kwenye hilo pipa. Nilikuwa nakushikia ubao ukiweka jiwe. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kikishakolea chumvi hakiozi, hata ukikisahau. Siku ile uliponitajia chambo, nilijua hutaki kuja kwangu. Sikutaka kukusumbua tena."

Mzee alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, jepesi, na binti alikuwa akilingoja. Pumzi zake zilisikika kwenye simu. Nyuma yake mtoto alikuwa akiita mama, mama, na mgonjwa akiomba maji.

"Watoto hawajambo?" akauliza mzee.

"Hawajambo, baba."

"Basi kamhudumie mkweo."

Simu ilipokatika, aliendelea kuishika sikioni kwa muda.

Kesho yake alikwenda kwa muuza samaki na ndoo. Yule mama alimtazama, akaitazama ndoo, na kwa mara ya kwanza hakutania. Alisema vichwa vya leo amekwisha kumpa mwenye mbwa, kwa kuwa alijua mzee anahama. Akisubiri, atampasulia samaki wengine.

Mzee alisema hana haraka. Aliigeuza ndoo, akaikalia, akasubiri huku wateja wengine wakija, wakihudumiwa na kwenda makwao.

"Na kesho nikuwekee?" aliuliza yule mama bila kuinua macho kutoka kwenye kisu.

"Niwekee," alisema mzee.