Nusu Kwa Mama

Hii alinihadithia mke wa mwanangu mdogo, juzi, tukianua nguo kwa haraka kabla ya mvua. Shoga yake ndiye fundi wa baridi katika maabara ya chuo.

Kazi yake ni kumimina gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji kwenye pipa la chuma. Ndani ya pipa mna kiwaya chembamba kuliko unywele, kimeshikwa huku na huku na vipande viwili vya madini. Baridi ikikolea, umeme hupita humo bila kuchoka, na kila chembe yake hupita ikijizungusha kama pia. Mambo yakikaa sawa, kitu kimoja hugawanyika: nusu ncha hii, nusu ncha ile, katikati hamna kitu. Wakubwa wa pale wameitafuta nusu hiyo miaka na miaka.

Nyumbani, mama yake fundi alikuwa kitandani. Mwili ulikuwa umempooza upande mmoja, na tangu asubuhi alikuwa amelalia ubavu uleule, hana wa kumgeuza. Fundi akaomba ruhusa.

"Pipa likipata joto tunaanza moja," mkuu wa maabara akamwambia. "Vumilia, dada yangu."

Alasiri ile kiwaya kikakubali. Watu wakapiga makofi. Fundi, aliyekuwa ameshika mfuniko, naye akawa ncha mbili: mmoja palepale penye pipa, mwingine kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama yake. Sura zote mbili kamili, ila nyepesi kama nguo kwenye kamba.

"Umekuja, mwanangu?"

"Nimekuja nusu, mama. Nyingine iko kazini."

"Si haba. Hebu nigeuze, ubavu unawaka moto."

Akamshika mabega, akavuta. Mama hakusogea. Akavuta tena, na aliyeinuka akawa yeye, miguu juu. Mama akacheka, kisha akaguna kwa maumivu.

Kule maabara, fundi akaomba ruhusa mara ya pili. Akaeleza kuwa nusu haina nguvu ya kumgeuza mtu mzima.

"Ruhusa ya nini tena?" mkuu akasema. "Huku upo, kwenu upo. Unataka uwe wangapi?" Akarudi kwenye vipimo vyake.

Giza likaingia. Mkuu akaenda kwake, akala, akalala. Fundi wa maabara akasinzia ameegemea pipa, na yule wa nyumbani akafumba macho papo hapo, maana usingizi wao ulikuwa mmoja. Mama akabaki anamsikiliza mwanawe akivuta pumzi fupifupi. Hakumwamsha. Mwishowe naye akalala, kwa ubavu uleule.