Komeo la Ndani

Haya aliniambia kaka yangu seremala, majira ya mvua, mwaka aliomzika mkewe. Tulikuwa tumekaa tunachambua maharage, vikongwe wawili, na maneno yakamtoka yenyewe.

Miaka mingi nyuma, mkewe alimwomba komeo. Si la mlango wa mbele, la stoo. Tena la ndani.

"Mama watoto, stoo hufungwa kwa nje. Gunia la mahindi litajifungiaje?"

"Wewe niwekee tu, baba watoto."

Akaweka, lakini kila skrubu aliyoikaza ilimkaza na moyo. Tangu hapo, jioni vyombo vikishaoshwa, mkewe huingia stoo na komeo hulia: ta! Akitoka, uso umetulia kama maji ya mtungini. Hapo ndipo palipomuuma kaka. Tangu wamzike kitinda mimba wao, yeye hakuwahi kuurudisha uso ule. Sasa nani anaurudisha?

"Mwanamke akitafuta komeo, ana cha kukomea," mama yetu alimchochea.

Stoo ilikuwa na kidirisha kinachotazama uchochoroni. Kaka akamwaga vumbi la mbao chini yake, apate nyayo za mwizi wake. Asubuhi akazikuta: za kuku. Siku ile, akasema, alimtazama hata jogoo kwa jicho baya.

Ndipo jioni moja akabandika sikio mlangoni. Mlango aliupiga randa mwenyewe, na sasa akajuta ufundi wake, maana haukuwa na ufa wa kuchungulia. Sauti ya mkewe ikaja chini chini:

"Ingia, Bwana. Pamejaa, lakini ingia hivyo hivyo."

Bwana! Yeye miaka yote ni baba watoto, na akikosea ni "wewe nawe". Akaupiga mlango teke. Komeo lake halikutikisika. Akapiga tena, mpaka mkewe akafungua.

Magunia, madebe, kigoda kimoja. Kaka akapekua nyuma ya mahindi, akainua hata ungo.

"Yuko wapi huyo bwana wako?"

"Unamjua. Kila Jumapili unakwenda kumsalimia."

Kaka akaushusha ungo. Lakini shaka ni kama kupe, haibanduki kwa mara moja.

"Kama ni kusali, komeo la nini? Unanifungia mimi?"

"Najifungia mimi. Nikikaa kidogo nakumbuka sufuria, nakumbuka kuni, namkumbuka mtoto, nainuka. Nikilifikia komeo, nashtuka: kumbe natoroka! Narudi kukaa."

"Na ulisema pamejaa. Mbona kigoda kina nafasi?"

Mkewe akajigusa kifua. "Sikusema stoo."

Kaka akachungulia tena nyuma ya gunia, mara ya mwisho, kwa haya tu. Kisha akasema, "Nisogezee."

Mkewe akavuta gunia la maharage, akampisha. Wakakaa.

Walipolala, mkewe alitangulia kusinzia. Kaka alibaki macho, akitaka kujaribu peke yake. Akafumba macho: zikaja mbao, ukaja mlango alioupiga teke, akaja yule kuku, akaja mtoto. Akataka kuinuka, ila kitandani hapakuwa na komeo la kumshtua. Akatulia.

"Bwana," akasema, kwa jina lile lile alilolichukia, "pamejaa."

Na kabla hajafika kwenye "ingia", usingizi ukampitia.