Mafuta ya Karabai

Karin alikuwa anasonga ugali, na kuuharibu kama kawaida yake, Honoratha alipoingia jikoni na barua kutoka Nyangoto. Familia iliyohamia kijijini Jumapili imekuja na surua, mwalimu wa kule aliandika. Watoto wanne wanaumwa.

"Afadhali tumewahi!" Karin akasema. "Si tuliwachanja Jumatano iliyopita? Watoto mia na ishirini, mkono hadi leo unaniuma!"

Nyumba ile ya Nyamisangura, mjini Tarime, ilikuwa na watu watatu. Karin muuguzi na Anders fundi wa visima walikuja kujitolea kutoka Denmark. Honoratha, muuguzi wa serikali, alitoka Bukoba, naye akajiona mgeni kama wao. Mwaka mzima walikuwa wamekula sufuria moja, wakauguzana malaria, wakataniana mpaka majirani wakawaita ndugu. Ndiyo maana Anders, aliyekuwa mezani akisubiri chakula, alipoweka kijiko chini bila mzaha wowote, Karin alishtuka.

"Karin, ile sikukuu yako ya kuzaliwa, Jumatatu ile. Zile karabai mbili."

"Zimefanya nini?"

"Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika mji mzima. Nilichota kwenye tangi la friji ya chanjo, nikasema asubuhi nitarudishia. Asubuhi nikakuta moto umezimika. Barafu yote ilikuwa maji, na ndani kuna joto."

Mwiko ukabaki hewani. Karin alikumbuka Jumatano: alifungua friji, akaona barafu imeganda vizuri, akapakia chupa zake bila wasiwasi. Kumbe ilikuwa barafu mpya, na chanjo ilikwisha kuharibika kwa joto!

"Na ukanyamaza? Siku nane, Anders?"

"Ulilia kwa furaha siku ile. Ulisema hujawahi kupendwa hivyo tangu utoke kwenu. Nikapata mafuta dukani kwa Maftah, nikawasha, nikaomba Mungu. Nilishindwa kukwambia."

Karin alitamani kumpiga na ule mwiko. Alitamani pia ardhi ipasuke immeze, maana karabai zile ndizo alizozisifu kuliko zawadi zote.

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," Honoratha akasema, tayari anajifunga kitambaa kichwani. "Lawama baadaye. Mimi nawahi basi la Musoma nikatafute chanjo nzima. Nyie kimbieni Nyangoto. Watoto wasichanganyike na wagonjwa, basi, hilo tu. Wakitengwa tutawawahi."

Landrova ilirukaruka kwenye mashimo, na Anders hakupunguza mwendo. Karin alikuwa amefumbata mikono mapajani. Kilichomtesa si chupa zile peke yake. Ni maneno yake mwenyewe. Jumatano, chini ya paa la shule, alisimama mbele ya akina mama na kwa Kiswahili chake cha kujikongoja akawaambia: aliyechanjwa leo surua haimgusi. Wakampigia vigelegele. Mmoja wao, Wegesa, aliyezika watoto wawili kwa surua, alimshika mikono yote miwili asiiachie.

"Labda wamewatenga," Anders akasema.

"Labda," Karin akasema. "Watu wa huku surua wanaiogopa sana. Lazima wamewatenga."

Walipofika, kweli, milango mingi ilikuwa imefungwa na hakuna mtoto aliyecheza nje. Karin akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Tarime. Hapo ndipo Wegesa alipotoka uani kwake, anacheka.

"Sista wangu! Karibuni, karibuni!"

"Shikamoo, mama. Wagonjwa wako wapi?"

"Marahaba. Wako kwangu wote wanne. Mama yao mwenyewe kalazwa, na wenzangu hawa wamejifungia, waoga wakubwa! Nikawaambia, leteni kwangu. Wangu wamechanjwa na Karin."

Uani, kwenye mkeka mmoja, walilala watoto wanne, macho mekundu, wanakohoa. Katikati yao alikaa Mokami, mwana wa Wegesa, wa miaka miwili, anamfukuzia mmoja wao nzi.

Anders akasogea mbele.

"Mama, kuna kosa tumefanya. Ni langu mimi."

"Ni letu," Karin akasema.

"Kosa gani tena, wanangu?" Wegesa akauliza, bado anatabasamu, huku akichukua kibuyu cha uji mdomoni mwa mgonjwa na kumpa Mokami amalizie.