Maji ya Kunduchi

Mimi ni mtu wa Bukoba, na kwetu samaki ni wa kula. Kwa hiyo siku Abubakari, mpangaji mwenzangu hapa Mikumi, aliponiambia anajenga nyumba ya samaki ndani ya sebule yake, nilimuuliza kama atawatoza kodi. Alicheka kidogo tu, kwa kuwa akili yake ilikuwa imeshahamia huko. Alikuwa fundi wa pancha pale barabarani, na jambo likishamwingia kichwani halitoki.

Aliowataka ni samaki wa baharini, wale wenye rangi. Aliwaona kwenye hoteli moja Dar es Salaam alipokwenda kununua viraka, akamsumbua mhudumu kwa maswali mpaka akaonyeshwa mlango. Sasa Mikumi na bahari wapi na wapi? Lakini mke wake, Sikuzani, alikuwa mtu wa Kunduchi, na tangu aolewe alikuwa hajarudi kwao hata mara moja.

Na hilo ndilo lililokuwa likimkondesha. Sikuzani alitaka kwenda kumwona mama yake. Alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na kila mara aliomba ruhusa kwa adabu kama alivyofunzwa. Abubakari hakumkatalia hata siku moja. Alimwambia, "Mwezi ujao, mke wangu." Nyumba yetu haikuwa na dari, ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakupa pole. Nilizisikia hizo "mwezi ujao" mpaka nikawa nazitamka mwenyewe kabla yake. Na ilikuwa ile miaka ya ruksa: ruksa mitumba, ruksa kuagiza redio, ruksa kila mtu afungue duka lake. Sikuzani tu ndiye aliyekuwa hajapata yake.

Siku moja nilimfuata Abubakari kazini nikamuuliza kwa nini hampeleki mtoto wa watu kwao.

"Mama Jovin," alisema bila kunitazama, "mke wa kaka yangu kule Masanze alikwenda kusalimia kwao. Mpaka leo anasalimia."

"Sikuzani si mke wa kaka yako."

"Najua. Lakini mimi nitamletea bahari hapahapa."

Nilimwona mjinga, na nikamwambia. Ila sikuweza kumchukia, maana alikuwa anampenda yule binti kwelikweli, na woga wake ulitokana na mapenzi hayohayo.

Basi akaanza. Vioo alivipata kwenye madirisha ya basi bovu lililolala karibu na stendi, akabadilishana na mwenye basi kwa tairi kuukuu. Gundi ya silikoni aliagiza Dar. Sebule yao ilikuwa na upana wa kitanda na nusu, kwa hiyo kabati la vyombo lilihamia chumbani kwangu, na likakaa. Umeme hatukuwa nao. Kumbe fundi wa pancha hahitaji umeme: alichukua tyubu ya tairi la lori, akaifunga kwenye mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza na kuongeza, akaulaza mwisho wake chini ya mchanga. Kila asubuhi aliijaza tyubu upepo kazini kwake, akaiviringisha barabarani hadi nyumbani, akaibana kwa jiwe, na vipovu vikapanda kutwa nzima. Uchafu ulichujwa na kipande cha godoro. Sikuzani alicheka siku ile vipovu vya kwanza vilipopanda. Nami nilicheka.

Maji yaliletwa na Lupakisyo. Alikuwa dereva wa lori lililoshusha vitunguu vya Malolo hadi Dar na kurudi na saruji ya Wazo, na kutoka Wazo hadi Kunduchi ni pua na mdomo. Asubuhi aliacha madumu matupu nyumbani kwa mama yake Sikuzani, akaenda kupakia, jioni akayapitia yamejaa. Mchanga, mawe ya mwambani, hata samaki wenyewe, vyote vilikuja kwa njia hiyo. Lori lile lilikuwa na nafasi ya abiria mbele, karibu na dereva. Nililitazama likiondoka na madumu, safari baada ya safari, na roho ikaniuma.

Samaki wa kwanza walikufa wote. Abubakari alinusa maji, akayaonja, akatema.

"Haya yamechotwa ukingoni, wanapopara samaki," alimwambia Lupakisyo. "Waambie wanaochota waingie ndani, maji yawafike kifuani. Hapo ndipo yalipo safi."

Baada ya hapo maji yalikuja maangavu, na samaki wakaishi. Walikuwa wanne, wa manjano wenye mistari myeusi, watukutu kama watoto wa shule. Watu walikuja kuwaangalia. Sikuzani aliwalisha, na alipomaliza aliuliza tena, kwa sauti ileile ya adabu, kama mwezi ujao atakwenda kumwona mama.

"Masika yaishe kwanza," alisema Abubakari. "Barabara mbaya."

Masika yalikuwa hayajaisha. Lupakisyo alikuja mchana mmoja wa mvua, akasimama uani na kofia mkononi. Madumu yalikuwa matupu.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Nimekaa," alisema Sikuzani, ingawa alikuwa amesimama. "Sema."

"Mama ametutoka. Wamemzika juzi. Ni kichomi. Alinyeshewa akiwa majini, akarudi anatetemeka, hakuamka tena vizuri."

"Majini akifanya nini?" aliuliza Abubakari.

Lupakisyo aliyatazama madumu.

"Mwanzo aliwatuma watoto wa jirani. Samaki walipokufa nikampa ujumbe wako. Akasema watoto wavivu, watachota ukingoni tu. Akawa anaingia mwenyewe, dumu mojamoja. Nilimwambia, mama acha, nitachota mimi. Akasema mimi nina saruji ya kupakia. Na akaniapisha nisiwaambie. 'Madumu haya ndiyo yanayonijia kutoka kwa mwanangu,' alisema. 'Ukiwaambia, nayo hayatakuja.'"

Abubakari aliketi chini, kwenye matope. Sikuzani aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akatoka, akapanda lori. Safari hii hakuomba ruhusa.

Abubakari alikwenda naye, akakaa wiki moja huku mimi nikilisha samaki na kuviringisha tyubu, akarudi kufanya kazi. Sikuzani alibaki mpaka arobaini ya mama yake. Siku zile zote mumewe alikuwa akiniuliza, "Unadhani atarudi?" Nikamjibu kwamba mimi si mganga. Nilikuwa na hasira naye, na huruma naye, na sikujua ipi itangulie.

Alirudi. Alishuka barabarani peke yake na mzigo wake, hakufuatwa wala hakubembelezwa. Nadhani hilo ndilo lililomchoma Abubakari kuliko matusi ambayo angetukanwa. Alichokiogopa muda wote ule hakikuwepo.

Siku ya pili yake Abubakari alichukua ndoo. Alitaka kuyamwaga maji, avunje vioo, kabati la watu lirudi mahali pake.

"Acha," Sikuzani alimwambia. "Hayo alichota mama."

Basi yakaachwa. Hakuruhusu yabadilishwe hata kikombe, na maji ya namna ile yasipobadilishwa huoza polepole. Lupakisyo alijitolea kuchota mwenyewe, Sikuzani akamshukuru, akakataa. Samaki walikufa mmoja baada ya mwingine, yeye akiwatazama. Abubakari aliendelea kuviringisha tyubu kila asubuhi, akiinamisha kichwa akipita dirishani kwangu.

Kiangazi kilipoingia, barabara kavu, nilikuwa nashona nikamsikia nyuma ya ukuta akimwambia mkewe kwa sauti ya mtu aliyejizoeza maneno.

"Lori linashuka Dar kesho. Nimeshaongea na Lupakisyo, nafasi ya mbele ni yako. Nenda Kunduchi, mke wangu. Kaa utakavyo. Sitauliza unarudi lini."

Sikuzani alipojibu hakuwa na ukali hata kidogo, na ndiyo maana nilishindwa kuendelea kushona.

"Kwa nani?" alimuuliza.