Kifaa cha Sita

Fundi alikaza skrubu ya mwisho ya projekta Jumamosi saa nne asubuhi, akashuka kwenye ngazi, akafagia vumbi la saruji mwenyewe, kwa kuwa mke wa mwenye nyumba alikuwa ameshauliza mara mbili ni nani atakayelifagia. Chumba cha sinema kilikuwa tayari. Kuta zilikuwa nyeusi tititi, ila nyuma ya skrini, ambako mpakaji rangi hakuona sababu ya kupoteza brashi yake, palibaki doa refu la mafuta ya nywele, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa kitandani. Kilikuwa chumba cha mama wa mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Sasa alilala kwenye kijichumba cha kando ya jiko, yeye na pasi na mabegi ya safari.

Ilibaki kazi ya kivinjari. Fundi, binti wa miaka ishirini na sita ambaye hakupenda kurudia kazi, alifungua kompyuta yake, akaandika anwani ya nyumba ile, tarakimu na nukta tupu, ukurasa ukafunguka. Humo ndimo vifaa vyote vingeongozwa, bila rimoti tano za kupotelea chini ya makochi. Kila kifaa kingekuwa na mstari wake, toka sifuri hadi mia, na mtu angeuvuta kwa kidole akiwa popote.

Alibonyeza palipoandikwa "Tafuta vifaa." Alikuwa amefunga vitano: projekta, kisanduku cha filamu, spika, pazia na taa. Ukurasa ukapata sita.

Chuoni alifundishwa kwamba kifaa hakipewi jina mpaka kijibu. Kwa hiyo alivijaribu kimoja kimoja. Pazia likajifunga, taa zikafifia, spika zikavuma. Kile cha sita alikivuta hadi arobaini, na kutoka jikoni sauti ya Bi Mkubwa ikapanda. Alikuwa akiiambia birika kwamba miguu ya mdogo wake imevimba mpaka magotini, na yeye yupo hapa anaosha vikombe. Fundi akarudisha hadi kumi. Miguu ya mdogo wake ikavimba kwa kunong'ona. Akapandisha tena, akashusha, ili awe na hakika.

Ukurasa haukukubali kuhifadhi kazi mpaka kila kifaa kiwe na jina. Kulikuwa na kitufe cha "Sahau kifaa hiki," lakini fundi hakujua ni nani atakayesahau, na hakutaka kubahatisha. Akaandika "Bi Mkubwa." Aliona kwamba kuliandika vizuri, kwa herufi kubwa mbili, ilikuwa adabu.

Mwenye nyumba alipoletewa ukurasa kwenye simu yake aliusoma wote, akafika mstari wa sita, akauvuta. Jikoni pakawa kimya, kisha pakawa na sauti, kisha kimya. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa droo inayofunguka bila kukwama. Mkewe aliuliza kama inafanya kazi hata mtu akiwa chumbani. Fundi akasema inafanya kazi hata mtu akiwa nje ya nchi, mradi ana mtandao. Wakatengeneza kitufe kimoja, wakakiita "Sinema." Ukikibonyeza, pazia linajifunga, taa zinafifia, projekta inawaka, Bi Mkubwa anashuka hadi sifuri.

Ni kweli kwamba Bi Mkubwa alikuwa na neno moja tu, na alilisema kila alasiri wakati watu wamekaa. Mdogo wake, aliyebaki peke yake kati ya wote aliozaliwa nao, alikuwa mgonjwa katika mji wa safari ya saa sita kwa gari. Alitaka apelekwe amwone. Mwanawe hakuwahi kukataa. Alisema wiki ijayo, na ilipofika alisema vilevile, kwa upole uleule, macho yakiwa kwenye skrini.

Mwezi wa kwanza baada ya kufunga vifaa, fundi huacha ukurasa wa kila mteja wazi kwenye kompyuta ya karakana, aone kama kuna kinachosumbua. Wiki ya pili aliupitia wa nyumba ile. Projekta ilikuwa salama. Mstari wa sita ulikuwa sifuri, na chini yake ukurasa ulikuwa umejiandikia wenyewe: kifaa kimejaribu kutoa sauti mara sitini na moja leo.

Fundi alikunywa chai yake yote kabla ya kugusa kitu. Kisha akavuta hadi ishirini na tano. Baada ya dakika mstari ukarudi sifuri. Akavuta tena. Ukarudi. Mara ya nne simu ikalia; mwenye nyumba alisema kuna kifaa kinajipandisha chenyewe, naomba uje ukiangalie.

Alimkuta Bi Mkubwa jikoni, midomo inatembea, hakuna kinachotoka. Fundi akatoa simu, akamweka kwenye tano, kiasi cha watu wawili.

"Ni wewe uliyeniandika humo," Bi Mkubwa akasema.

"Ni mimi, Bibi. Nisamehe."

"Umeniandikaje?"

"Bi Mkubwa."

"Afadhali. Nilidhani umeniandika feni." Akafuta mikono kwenye kanga. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mwenzangu hafiki mwisho wa mwezi, wamenipigia. Unaweza kunipandisha mpaka juu kabisa, wakiwa wote wamekaa?"

"Naweza."

"Basi nipandishe. Mara moja tu, nisikike."

Saa kumi alasiri familia ilikuwa kwenye makochi, mwenye nyumba, mkewe na watoto wao wawili, na filamu ilikuwa imefika pale magari yanapofukuzana. Fundi alisimama mlangoni akijifanya anapima waya. Akavuta mstari wa sita hadi mia.

Sauti ya Bi Mkubwa haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye spika zote, za ukutani na za darini, na ile kubwa ya sakafuni iliyotetemesha miguu ya makochi. Haikupiga kelele, ila ilikuwa karibu, kama mtu aliyeinamia sikio la kila mmoja wao.

"Mwanangu, nipeleke nikamwone mdogo wangu kabla hajafa. Sikuombi kingine. Hata chumba sikukuomba unirudishie."

Magari yaliendelea kufukuzana bila mlio. Mtoto mdogo aligeuka kumtazama baba yake, kisha akageukia skrini.

"Umesikia sauti ilivyo safi?" mwenye nyumba akamwambia mkewe. "Hata koo lake unalisikia." Akainuka, akamfuata fundi ukumbini na kufunga mlango. Alimshukuru kwa kazi. Akasema marafiki zake watatu wameiona, wanataka na wao wafungiwe, na yeye amewapa namba ya fundi. Kisha akaomba mstari wa sita ufungwe usivuke kumi, na nenosiri libadilishwe, ajue yeye peke yake. Hakuinua sauti. Kuhusu safari, alisema mama anajua kwamba ni wiki ijayo.

Fundi aliwaza zile nyumba tatu. Akafunga mstari kwenye kumi. Akampa simu aandike nenosiri, akageuza uso pembeni wakati anaandika, kama anavyotakiwa mtu wa kazi yake. Alipopita jikoni Bi Mkubwa alikuwa anaosha vikombe. Hakumtazama. Midomo yake ilikuwa imetulia.

Mdogo wake alifariki Jumatano. Bi Mkubwa hakupelekwa mazikoni, kwa kuwa Alhamisi gari lilikuwa gereji. Ijumaa saa tisa alasiri mdogo wake akaja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, na miguu yenyewe haikuwa imevimba tena. Mtoto mkubwa alimfungulia geti. Mgeni aliomba radhi kwa udongo kwenye viatu, akavivua, akavipanga mlangoni, akamkuta dada yake jikoni, akamshika mkono. Wakaenda kukaa kwenye chumba cha sinema, kwenye zulia, mahali palipokuwa na kitanda.

Simu ilimkuta fundi juu ya ngazi, katika nyumba ya pili kati ya zile tatu.

"Kuna kifaa cha saba," mwenye nyumba akasema. "Hakina jina. Na ukurasa haukubali kuhifadhi."

"Kimejibu?"

"Kimejibu. Ni mama mdogo. Amezikwa jana."

Fundi alishika ngazi kwa mkono mmoja. "Andika Mama Mdogo."

Ikasikika milio ya vidole kwenye kioo. "Nimeandika. Na kwenye kitufe cha Sinema?"

"Vuta mstari hadi sifuri, kisha hifadhi."

"Imekubali." Akasoma polepole: "Vifaa viwili vinajaribu kutoa sauti kwa wakati mmoja. Mara kumi na nne. Kumi na tano. Ni kawaida hii?"

"Ni kawaida. Wanazungumza."

"Havitaharibu spika?"

"Hapana."

Mwenye nyumba akashusha pumzi. "Basi vizuri. Na ile safari nayo imekwisha. Mama alitaka kumwona mdogo wake, si huyu hapa."

Akashukuru, akakata simu. Filamu ilikuwa inaanza. Fundi alikaza skrubu aliyokuwa ameishika, akashuka, akatafuta fomu ya nyumba ile ndani ya begi. Palipoandikwa idadi ya vifaa alifuta sita, akaandika saba. Palipoandikwa matatizo, akaandika hakuna.