Bahari ya Ukutani

Lamis alikoroga chokaa kwenye ndoo hadi ikawa nzito kama uji. Mamake, Bi Mwanakuu, alikuwa papo hapo barazani akichambua mchele. Mtaa wa Kuze ulikuwa umeamka kama kawaida, ila kichochoro chao hakikufika tena baharini. Kiliishia kwenye ukuta wa Mzamil, aliyejenga bohari juu ya njia na kuufunga ufuo.

Lamis alikuwa mchoraji, na picha zake zote zilitoka kwenye ufuo ule. Ndiko alikojifunza kwamba maji si buluu na mwamba si mweusi. Mamake alimpeleka huko tangu angali wa kubebwa, kila Siku ya Mwaka, kuoga mwaka, ili mabaya ya mwaka uliopita yabaki majini. Sasa magoti ya Bi Mwanakuu yalikataa safari ndefu ya kwenda ufuo mwingine, na Mzamil alimshauri atumie ndoo. Bi Mwanakuu alijibu kwamba mwaka hauogwi kwenye ndoo, huogwa pwani ya kwenu. Siku yenyewe ilikuwa karibu.

Basi Lamis akaupaka ukuta chokaa, akauchora ufuo wote, ngazi za mawe na mwamba. Maji aliyachora ya bamvua, yamejaa hadi juu, kwa kuwa bahari iliyojaa hupendeza pichani. Hapo alikosea. Alasiri maji yalitoka ukutani, yakafuata kichochoro, yakaingia kwa Riyadh, fundi wa nguo, aliyepandisha miguu kitini.

"Bi Lamis," akaita, "majirani hatuulizwi? Ungechora maji mafu, yasiyopanda juu."

Lamis akaomba radhi, akayashusha kwa brashi. Tangu hapo bahari ilijaa na kupwa bila kumvukia mtu kizingiti. Wanawake walioshea mikeka hapo. Watoto walirudi na kaa kwenye mikebe.

Mzamil alikuja, akakunja kanzu, akaonja maji kwa kidole.

"Ya chumvi," akasema.

"Ulidhani ya nini?"

"Ukuta ni wangu, Lamis. Kilichomo ukutani mwangu ni changu."

Alileta wapimaji. Walikunja suruali, wakaipima bahari hadi ikawafika kiunoni, wakasema imo ndani ya kiwanja chake. Kabla ya magharibi picha ilikuwa na lango la chuma mbele yake, na kufuli. Harufu ya mwani ilipita kwenye nondo. Watu hawakupita.

Siku ya Mwaka ikiwa kesho, Lamis aliondoa saa ukutani mwa sebule, akakoroga chokaa.

"Wafanya nini, mwanangu?"

"Ukuta huu ni wetu, mama. Nitachora maji mafu, tusiharibu nyumba."

Bi Mwanakuu aliutazama ukuta, kisha sakafu.

"Maji mafu hayafiki magotini. Mwaka huogwa hadi kichwa kizame. Chora bamvua."

"Na sebule?"

"Shika upande ule, tukunje busati."

Asubuhi Bi Mwanakuu alioga mwaka sebuleni, leso kifuani, akazama, akaibuka, akaomba taulo. Majirani walingoja zamu yao barazani, Riyadh akiwa mbele na suruali ameikunja mapema. Mwisho wa kichochoro, mlinzi wa Mzamil alikuwa akiufagia mchanga uliopenya chini ya lango, akiurudisha ndani.